Kisu, Sindano na Mizani Iliyoishia Kilo 150

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa, mwezi Desemba 2025, mwongozo wake wa kwanza kuhusu kutibu unene uliokithiri kwa dawa za kundi la GLP-1, yaani sindano zinazoiga homoni ya shibe inayotoka utumboni, hapa Nairobi kumezuka usemi ambao sasa unasikika redioni, kwenye foleni za maduka ya dawa na hata vinywani mwa baadhi ya madaktari: kwamba upasuaji wa kupunguza uzito umekwisha kazi. Mtu akatwe tumbo kwa sababu gani, wanauliza, ilhali ipo sindano ya kujidunga mara moja kwa wiki? Swali lina mantiki yake, ila limetokana na kuusoma mwongozo huo nusu nusu. Pendekezo lake lilitolewa kwa masharti, liliwahusu watu wazima wenye BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya kuanzia 30, na lilisisitiza kwamba dawa peke yake haitoshi. Shirika lenyewe lilikadiria kuwa hata viwanda vikiongeza uzalishaji kwa kasi, kufikia mwaka 2030 dawa hizo zitakuwa zimewafikia watu pungufu ya asilimia 10 ya wale wanaoweza kunufaika nazo. Msimamo wangu ni kwamba katika nchi ambayo wagonjwa wake wengi hununua dawa kwa pesa za mfukoni, kuja kwa sindano kumeongeza haja ya kuufikiria upasuaji huu kwa makini, kama tiba ya watu wachache waliochaguliwa vizuri, ndani ya hospitali za umma, na wenye kufuatiliwa maisha yao yote. Tumeshindwa kuufikiria hivyo kwa sababu tumezoea kuutia katika kapu moja na urembo.

Mchanganyiko huo una historia ya karibuni. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini baada ya kufyonzwa mafuta katika kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga kliniki hiyo. Kwa majuma kadhaa mitandao ilijaa mjadala kuhusu “upasuaji wa kupunguza mwili”, na katika mjadala huo mambo mawili yasiyohusiana yakafanywa kuwa kitu kimoja. Kufyonza mafuta ni kuondoa mafuta yaliyo chini ya ngozi ili umbo libadilike. Njaa ya mtu hubaki vilevile, tumbo lake hubaki vilevile, na ugonjwa wake pia hubaki. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene waliofyonzwa takriban kilo 10 za mafuta ya tumboni kila mmoja, na walipowapima wiki 10 hadi 12 baadaye hawakuona nafuu yoyote ya maana katika sukari, shinikizo la damu wala jinsi miili yao ilivyoitikia insulini. Kilo 10 ni mzigo, ni kama mtungi mdogo wa gesi, na mwili haukuonekana hata kutambua kwamba mzigo huo umeondoka. Ukiisoma habari hiyo kisha ukasikia mtu akisema wote wanaopasuliwa kwa ajili ya uzito wanatafuta umbo la kwenye picha, utaelewa upotovu ulipo.

Upasuaji ninaouzungumzia huingia tumboni kwenyewe, kwa kawaida kupitia matundu madogo matano au sita na mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba ulio na umbo la ndizi. Ya pili huitwa baipasi, na mkazi wa Nairobi hahitaji kamusi kuielewa, kwani ni kwa maana ileile ya barabara ya Southern Bypass: kijifuko kidogo, kama ukubwa wa yai, hutengwa sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita kando ya sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo kama lori la mizigo linavyoepuka katikati ya jiji. Baipasi ya kwanza ya kutibu unene ilifanywa na Edward Mason katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1966, kwa hiyo tunazungumzia tiba yenye umri wa miaka 60. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba siri yake ni udogo wa tumbo tu, yaani mtu hula kidogo kwa sababu hana pa kuweka chakula. Imani hiyo haikuweza kueleza kilichoonekana wodini. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina waliripoti kuhusu wagonjwa 608 waliofanyiwa baipasi na kufuatiliwa kwa hadi miaka 14. Kati ya waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, zaidi ya asilimia 80 walirudi kuwa na sukari ya kawaida, na wengi wao sukari ilishuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hawajapungua uzito wa kutajika. Leo inafahamika kwamba tumbo na utumbo ni viungo vinavyozungumza na ubongo na kongosho kwa njia ya homoni. Sehemu inayokatwa katika upasuaji wa mrija ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, na baada ya baipasi utumbo humwaga GLP-1 kwa wingi kila mtu anapokula. Ndiyo, ni homoni ileile inayoigwa na sindano zinazosifiwa. Sindano na kisu ni ndugu wa ukoo mmoja, na anayemtumia mmoja kumzika mwenzake hajui ukoo wao.

Vigezo vya nani apasuliwe navyo vinafaa kuelezwa kwa lugha ya kawaida. BMI ni uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60, kilo 90 humfikisha kwenye 35 na kilo 102 humkaribisha 40. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walikubaliana kuwa upasuaji uwe kwa wenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 ikiwa wana maradhi yanayoletwa na unene, kama vile kisukari, shinikizo la damu au kukatikiwa pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza kigezo, vikasema 35 inatosha hata bila maradhi mengine, na kwamba wenye kisukari wafikiriwe kuanzia 30. Binafsi naona kulegeza huko ni kwa nchi zenye vyumba vya upasuaji vya kutosha. Sisi tungefanya vyema kushikilia kigezo cha zamani na hata kukikaza.

Tatizo lenyewe limekuwa likikua mbele ya macho yetu tukilipongeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 wakiwa na uzito uliozidi au unene, na miongoni mwa wanawake ilikuwa karibu asilimia 39. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa sasa takriban asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wamo katika kundi hilo. Lakini sikiliza maneno tunayoyatumia. Mtu akiongeza kilo tunamwambia amenawiri, bwana harusi akianza kuota kitambi tunamsifu mkewe, na mheshimiwa asiye na tumbo tunaona kama hajala vya kutosha huko serikalini. Pongezi hizo hukoma ghafla siku mtu anapoambiwa ana kisukari. Kuanzia hapo anageuzwa kuwa mkosaji.

Je, upasuaji unafanya kazi? Ushahidi wa muda mrefu zaidi unatoka Uswidi, ambako kuanzia mwaka 1987 watafiti wakiongozwa na Lars Sjöström waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wanene, nusu wakiwa wamepasuliwa na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Baada ya miaka 10 waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua robo ya uzito wao kwa wastani, ilhali uzito wa wale ambao hawakupasuliwa haukusogea zaidi ya asilimia 2. Matokeo ya mwaka 2007 yalihesabu vifo: 129 upande wa wasiopasuliwa na 101 upande wa waliopasuliwa. Ni lazima niseme kwamba utafiti huo haukuwagawa watu kwa kura, watu walichagua wenyewe, na wanaochagua kupasuliwa huenda wanatofautiana na wenzao kwa mambo yasiyopimika. Majaribio ya kura yapo, ingawa ni madogo. Lile la Cleveland lililochapishwa mwaka 2017 lilianza na wagonjwa 150 wa kisukari, na baada ya miaka mitano lengo lililowekwa la wastani wa sukari ya damu ya miezi mitatu lilifikiwa na asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi, asilimia 23 ya waliofanyiwa mrija, na asilimia 5 ya waliopewa dawa peke yake. Msomaji makini atasema kwamba hata hapo saba kati ya kumi hawakufikia. Ni kweli, na atakayekuahidi kwamba kisu kitafuta kisukari chako milele anakuuzia. Hata hivyo, katika kundi la waliopasuliwa wengi waliacha insulini au wakapunguza idadi ya dawa, na kwa mtu anayenunua insulini kila mwezi hilo si jambo dogo.

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya upasuaji huu ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ni hoja ya uvivu: ale kidogo, atembee, aache njia ya mkato. Nimeisikia ikitamkwa kwa upole na muuguzi wa kliniki ya kisukari siku nilipompeleka shangazi yangu. Alipanda mizani, mshale ukazunguka hadi mwisho wa namba, kilo 150, ukagota hapo ukitetemeka. Muuguzi aliinama akautazama, akamtazama shangazi, kisha akaandika kwenye faili “150+”. Akachukua mkanda wa kupimia shinikizo, ukawa haufungi mkononi, akaulazimisha hivyo hivyo, nao ukasoma namba za kutisha. Mkanda mfupi kuliko mkono huonyesha shinikizo la juu kuliko lilivyo, lakini namba hiyo nayo iliingia kwenye faili. Mwisho akasema, “Mama, punguza chapati na soda.” Shangazi, ambaye soda huigusa Krismasi tu na hutembea kila siku kutoka stejini hadi kibandani kwake sokoni, alijibu “Haya, mwanangu,” akakunja kitenge chake. Alikuwa ameambiwa vivyo hivyo kwa miaka 12.

Yaliyo ndani ya mwili hayakubaliani na hoja ya uvivu. Mwili wa binadamu hulinda uzito wake wa juu kama mkopeshaji anavyolinda deni. Mtu anapopungua, homoni za njaa hupanda, za shibe hushuka, na moto wa kuchoma chakula hufifia. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha vipimo vya watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza, na miili yao bado ilikuwa ikichoma nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, takriban kalori 500 pungufu kwa siku. Hao walikuwa na wakufunzi, kamera na zawadi mbele yao. Kumwambia mtu wa kilo 150 ajitahidi tu ni sawa na kumwambia mwenye pumu avute hewa kwa bidii. Lishe na mazoezi ni muhimu, na aliyepasuliwa huvihitaji zaidi kuliko mwingine. Lakini kwa unene wa kiwango hicho matokeo yake ya kudumu ni haba, na kuviita tiba kamili ni kumdanganya mgonjwa kisha kumlaumu kwa udanganyifu wetu.

Hoja ya sindano ni nzito kuliko hiyo, na sitaki kuipuuza. Katika majaribio makubwa sindano ya semaglutide ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68, na ile ya tirzepatide, kwa dozi yake ya juu, karibu asilimia 21 ndani ya wiki 72. Namba hizo zinakaribia za upasuaji, hakuna anayelala kwenye meza ya upasuaji, na dawa ikikukataa unaiacha. Mtu mwenye BMI ya 31 akiniuliza, nitamwambia amwone daktari kuhusu dawa na asahau kisu. Shida iko kwenye hilo neno “unaiacha”. Watafiti walipowafuatilia baadhi ya washiriki wa jaribio la semaglutide kwa mwaka mmoja baada ya dawa kusimamishwa, walikuta wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Hii ni dawa ya kudumu kama ya shinikizo la damu, ila vidonge vya shinikizo mkulima wa Murang’a anaweza kuvipata kwenye zahanati, ilhali sindano hii hununuliwa mwezi baada ya mwezi kwa bei inayowashinda hata wafanyakazi wengi wenye ajira rasmi, na hutakiwa kuhifadhiwa kwenye jokofu kabla haijaanza kutumiwa. Nijuavyo mimi maisha ya hapa, mtu atadungwa miezi mitano, Januari itafika na karo ya shule, sindano itasimama na kilo zitarudi. Upasuaji una gharama kubwa ya siku moja na gharama ndogo ya miaka mingi, na kwa kaya zetu gharama ya siku moja huchangiwa, harambee zimejaa ushahidi. Hakuna aliyewahi kuona harambee ya kila mwezi isiyo na mwisho. Bei za dawa hizi zitashuka hataza zikiisha, na siku hiyo nitakuwa tayari kuipima upya hoja yangu.

Wapo wanaokubali yote hayo kisha wakauliza kama nchi ambayo asilimia 18 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa ina haki ya kutumia chumba cha upasuaji kupunguza matumbo ya watu wazima. Hii ni hoja ya heshima. Mashine zinazotumiwa kukata na kubana tumbo huagizwa kutoka nje, wataalamu wa nusukaputi ni wachache, na kwenye foleni hiyohiyo kuna mama anayesubiri kuzaa kwa upasuaji, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja na mgonjwa wa saratani ambaye kila juma ni muhimu. Sitetei wapishwe. Ninachouliza ni kwa nini mfuko wa umma hukubali kulipa mwisho wa ugonjwa na kuogopa katikati yake. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyorithi kazi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 na kuanza kukata asilimia 2.75 ya mishahara yetu, hulipa zaidi ya shilingi 10,000 kwa kila kipindi cha kusafisha damu kwa mashine. Mgonjwa wa figo huhitaji angalau vipindi viwili kwa wiki, yaani 104 kwa mwaka, na hesabu yake inavuka shilingi milioni moja kila mwaka kwa mtu mmoja. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kuharibika kwa figo. Si kila mnene mwenye kisukari ataishia kwenye mashine, kwa hiyo huwezi kuweka gharama moja juu ya nyingine ukadai umeokoa pesa. Lakini ufuatiliaji wa Uswidi ulionyesha kuwa waliopasuliwa wakiwa na kisukari walipata madhara machache ya mishipa midogo, ile ya macho, figo na neva, na hilo linatosha kuifanya hesabu hiyo ipigwe na watu wenye kalamu na takwimu zetu wenyewe. Kuhusu wanaosema tuzibe ufa kwanza kwa kutoza kodi ya sukari kwenye soda, kujenga njia za waenda kwa miguu na kudhibiti matangazo ya vyakula vya watoto, niko pamoja nao, na ningetaka kodi hiyo jana. Kinga hiyo ni ya binti wa miaka kumi. Shangazi yangu ukuta wake umekwisha kuanguka, na anahitaji fundi.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine, na husemwa mara chache kwa sababu wanaoijua ni madaktari. Upasuaji wenyewe, ukifanywa katika kituo chenye uzoefu, una hatari ndogo: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta vifo vya siku 30 za kwanza kuwa 3 kwa kila 1,000. Hatari iliyo kubwa kwetu huanza mgonjwa akishafika nyumbani. Aliyefanyiwa baipasi hutakiwa kumeza vitamini na madini maisha yake yote, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, na kupimwa damu kila mwaka. Akitapika kwa wiki kadhaa bila kupewa vitamini B1 ubongo wake unaweza kupata madhara ya kudumu. Hatakiwi kutumia dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa humletea vidonda kwenye maungio ya tumbo na utumbo, na nyinyi mnajua kwamba hizo ndizo dawa ambazo muuza duka la dawa hukupa kabla hujamaliza kusema mgongo unauma. Pombe humpanda haraka kuliko zamani na wengine huishia kuitegemea. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na papo hapo huenda akawa mwepesi wa kushika mimba kuliko awali, tena vidonge vya kupanga uzazi vikiwa havina uhakika uleule tumboni mwake. Utumbo unaweza kujisokota miaka miwili baadaye, na usiku huo atapelekwa hospitali ya kaunti ambako daktari wa zamu hajawahi kuona tumbo lililopangwa upya. Wanaosafiri kwenda India au Uturuki, wakarudi baada ya majuma mawili na karatasi ya maelezo, ndio walio hatarini zaidi, na wanaporudi hawana daktari hata mmoja nyumbani anayejihesabu kuwa na dhamana nao.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havina. Kizazi chetu kilijifunza miaka ya tisini kwamba mtu akikonda ghafla ana Ukimwi, na funzo hilo halijatutoka. Aliyepungua kilo 40 kwa mwaka hupokelewa kanisani kwa minong’ono na jirani humwuliza mwanawe kama mama anakunywa dawa. Mwanamke mmoja niliyezungumza naye aliniambia alianza kuvaa nguo mbili mbili ili asiulizwe maswali. Tafiti za nje zimeonyesha ongezeko la watu kujiua miongoni mwa waliopasuliwa, idadi ikiwa ndogo lakini ya kweli, kwa hiyo mshauri wa akili ana kazi kwenye timu hii sawa na mtaalamu wa lishe.

Kutokana na haya, mahali pa kuanzia panaonekana. Wizara ya Afya ingeteua hospitali mbili au tatu za rufaa za umma, zisizidi hapo, kwa sababu mkono wa daktari hupata uzoefu kwa wingi wa anaowapasua. Kundi la kwanza liwe dogo: watu wazima wenye BMI ya 35 na zaidi ambao wana kisukari cha aina ya pili cha miaka michache na bado hawajaanza insulini, kwa kuwa hao ndio wenye nafasi kubwa ya sukari kurudi kuwa ya kawaida. Naandika hivyo nikijua kwamba kigezo hiki kingemwacha nje shangazi yangu, ambaye hujidunga insulini asubuhi na jioni. Mfuko wa umma ulipe kifurushi kizima, kuanzia maandalizi ya miezi kadhaa hadi vitamini na vipimo vya damu vya miaka mitano ya mwanzo, na hospitali isilipwe kikamilifu kwa mgonjwa iliyempasua kisha ikampoteza. Kampuni za bima za binafsi, ambazo nyingi huorodhesha matibabu ya unene pamoja na urembo katika vitu visivyolipiwa, zitakiwe kuvitenganisha viwili hivyo. Na pawe na daftari moja la taifa linaloandika kila upasuaji, uliofanywa hapa au nje ya nchi, na hali ya mgonjwa mwaka hata mwaka, ili baada ya miaka mitano tubishane kwa namba za Kenya badala ya za Uswidi.

Daftari hilo haliwezi kuanza na faili zilivyo sasa. Nilirudi na shangazi kwenye kliniki ileile mwezi uliopita. Viatu vyake vimelegea, kitenge anakizungusha mara moja na nusu, naye anasema anahisi amepungua. Alipanda mizani ileile, mshale ukagota mahali palepale, na muuguzi, safari hii mwingine, akatazama ukurasa uliotangulia, akanakili chini yake: 150+.